Damu Isiyoshika

6 Februari

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa, sawa" kabla sijamaliza, halafu nikikata unamuuliza Chiriku nilikuwa nasema nini. Hili nataka ulisome taratibu.

Daktari wa upasuaji wa huko kwenu ameiandikia maabara yetu kuhusu Chiriku. Hajakataa kumtoa yale mawe kwenye nyongo. Anachosema ni kwamba hatashika kisu mpaka ajue kwa nini mdogo wangu akitoka damu puani inachukua nusu siku kukatika. Ana haki. Lakini na sisi hatuwezi kungoja sana, kwa sababu mawe yakiziba njia, Chiriku atapasuliwa kwa haraka na daktari yeyote wa zamu, asiyemjua. Profesa ameniachia mimi kazi hii.

Ndani ya damu mna chembe ndogo bapa, tunaziita chembe sahani. Mshipa ukikatika ndizo zinazokimbilia pale na kuziba. Juu yake zina vishikio, na kila kishikio kina kitu chake kinachokishika. Sasa ninachosoma miaka yote hii ni hiki: chembe sahani haina kiini, kwa hiyo zamani watu walidhani haiwezi kutengeneza chochote. Kumbe inaweza. Inatoka kwenye uboho ikiwa imebeba maagizo yaliyoandikwa tayari. Ikishika mahali, kishikio kinapeleka habari ndani, na huko ndani maagizo yanaanza kusomwa na protini mpya zinatengenezwa, zikiwemo za kulikaza bonge la damu. Isiposhika, inakaa tu na maagizo yake. Nahisi Chiriku alizaliwa bila kishikio kimoja kikubwa.

Ugonjwa huu mtu huupata kwa wazazi wote wawili. Baba hayupo, umebaki wewe. Wewe lazima una vishikio nusu, na nataka kuona kama nusu inatosha kufanya kazi. Tarehe 25 mtatoa damu wote wawili, hospitali watazifunga kwenye sanduku, zitakuja na basi la asubuhi. Zisiwekwe barafu hata kidogo, zikipoa zimeharibika.

Sharti ni moja. Siku kumi kabla ya hapo usinywe aspirini wala dawa ya maumivu, maana inazilegeza chembe sahani na majibu yatanidanganya. Chiriku hanywi, anajua kwake ni sumu. Kwako si tatizo, najua wewe hunywi dawa yoyote.

Mwanao,
Kwanini

12 Februari

Kwanini mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kazini, juu ya meza ya pasi, nikairudia tena nyumbani. Gesti imejaa wiki hii, kuna mkutano wa watu wa bima, na watu wa bima wanapenda kubadilishiwa taulo kama watoto wachanga. Pasi ya mvuke imeanza kudondosha maji tena. Meneja anasema ataleta fundi. Mwaka jana pia alisema.

Nimeelewa hivi, na nikikosea unirekebishe. Tulipata msichana mpya hapa kwetu wa kufua. Kazi yote alikuwa anaijua, lakini ukimwacha alikuwa anakaa tu kwenye beseni lililopinduliwa, anatazama ukuta. Ukimshikisha ncha ya shuka, anaanza kukunja mwenyewe, na akimaliza anachukua lingine. Basi nadhani hizo chembe zako ni kama yeye. Chiriku anasema hapana, chembe zake ni kama meneja, hata umshikishe nini hafanyi kitu.

Anaendelea vizuri, ila juzi usiku tumbo lilimkata akashindwa kulala. Ananiambia nisikuandikie, kwa hiyo nakuandikia. Anasema umwambie Profesa damu yake hatahitaji kuiwekea alama, ataitambua, ndiyo itakayokuwa inaongea.

Masharti nimeyasikia na nitayafuata. Tarehe 25 tutakuwa hospitali kabla hawajafungua dirisha. Nakuombea kila alfajiri, na huyo Profesa pia. Jina lake silijui wala imani yake, nasema tu "yule mkubwa wa Kwanini", Mungu anaelewa.

Ule vizuri.
Mama yako

13 Februari

Dada Mkubwa, shikamoo.

Hili nakuambia wewe peke yako, na ukimaliza kusoma uichane barua.

Unakumbuka mwaka jana nilikuambia kifua kilinibana kwenye ngazi za gesti nikiwa na beseni, nikadhani ni gesi. Nilikwenda kwa daktari wa moyo, nikakuambia kaniona sina kitu. Nilikudanganya. Alisema mshipa mmoja wa moyo umeanza kuwa mwembamba, akanipa dawa ya presha na vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi, nisikose. Nimekuwa navinywa kazini. Naviweka kwenye kopo la vifungo vya mashati ya wageni, kwa sababu nyumbani Chiriku anapekua kila kitu.

Sasa Kwanini ametaka damu yangu kwa ajili ya upasuaji wa mdogo wake. Ametaja dawa nisiyotakiwa kunywa. Nimekwenda kusoma paketi yangu, ndiyo hiyo hiyo.

Nimefikiria nimwambie. Lakini nikimwambia, mambo mawili yatatokea. Kwanza atanitoa kwenye kipimo, na baba yao hayupo wa kushika nafasi yangu, kwa hiyo daktari ataendelea kungoja na mawe ya mtoto hayangoji. Pili ataacha masomo arudi nyumbani kunilinda. Unajua alivyotaka kufanya baba yao alipofariki. Mizigo alishafunga.

Na ameandika mwenyewe, "najua wewe hunywi dawa yoyote". Nilipolisoma hilo niliona kama Mungu amenifungulia mlango. Basi nitaacha kuanzia keshokutwa, hizo siku kumi tu. Ya presha naendelea nayo. Nimesali juu ya jambo hili na moyo wangu umetulia.

Usimwambie Kwanini. Usimwambie na Chiriku, maana huyo ni kama kumwambia Kwanini kwa kipaza sauti.

Mdogo wako

27 Februari

Mama,

Damu zimefika salama, zina uvuguvugu kama zilivyotakiwa. Mtu wa vifurushi aliliweka sanduku mapajani safari nzima kwa sababu eti ulimwambia kuna mtoto wako ndani. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Nimefanya kazi siku mbili mfululizo. Kwa kifupi: tunapaka kioo kwa zile nyuzi zinazosuka bonge la damu, tunamwaga chembe juu yake, tunaosha, tunaangalia kilichobaki. Za Chiriku ziliondoka na maji. Hazikushika, na ndani hazikutengeneza ile protini ninayoitafuta. Kishikio kile hana kabisa. Zako, mama, zimeshika vizuri sana. Una vishikio nusu kama nilivyotarajia, lakini protini zimetengeneza kama za mtu mzima kabisa. Profesa aliita watu waje kuona. Nusu inatosha.

Sasa limebaki swali ambalo ndilo hasa daktari anataka kulijua. Chembe za Chiriku ni mbovu zote, au kasoro ni kishikio kimoja tu? Chini ya ngozi ya mshipa kuna kitu kingine, kolajeni, na hicho kinashikwa na kishikio tofauti. Nikizimwaga juu ya kolajeni zikashika, na zikaanza kutengeneza, nitajua kuwa kiwanda ndani ni kizima. Hapo daktari anaweza kupanga. Profesa anataka kipimo hicho kifanywe kwa damu mpya za wote wawili, la sivyo hatatia saini.

Naomba basi mtoe tena tarehe 20 Machi. Endelea na masharti vilevile mpaka siku hiyo. Kwako ni rahisi.

Chiriku tumbo linasemaje? Aache mafuta.

Kwanini

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hustahili.

Barua yako sikuichana, nimeiweka, ili siku ukiniambia sikukukanya nikusomee. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu natukana, na wewe hupendi matusi kwenye barua.

Daktari kasema usikose. Hakusema usikose isipokuwa binti yako akihitaji. Umenieleza vizuri kwamba umesali. Mimi nakuuliza, ulipokuwa unasali ulimwachia Mungu nafasi ya kujibu, au ulimpa taarifa tu?

Rudia vidonge leo. Mwandikie mtoto. Kama atarudi nyumbani, arudi, masomo hayakimbii. Chiriku akipasuliwa halafu akaamka wewe haupo, huo mpango wako utakuwa umemsaidia nini? Atafuliwa shuka na nani, mimi? Unajua ninavyofua.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Shikamoo. Matusi yako nimeyaona hata kama hukuyaandika.

Siwezi kurudia sasa. Kipimo kimesogezwa mpaka tarehe 20 na mtoto kasema damu yangu ndiyo iliyofanya vizuri, mpaka wakubwa wakaitwa kuitazama. Nikinywa leo naiharibu. Ni siku chache zimebaki. Nikitoka tu kwenye dirisha la damu nakimeza kidonge pale pale bombani.

Afya yangu si mbaya. Nikipanda ngazi na beseni napumzika katikati, nalitua kwenye dirisha, najifanya naangalia kama mvua inakuja. Chiriku juzi alikuwa amejikunja chini ya meza ya jikoni kwa maumivu, na bado ananichekesha, anasema anatafuta kijiko. Nikimwona vile siwezi kufikiria kifua changu.

Usinikasirikie. Niombee tu.

Mdogo wako

19 Machi

Dada Kwanini,

Jana kwenye simu ulilia, na mimi nikalia kwa sababu ulilia, hakuna aliyesikia neno. Na ukipanda basi kesho utakuja na maswali yako elfu, mimi sitaweza kuyajibu mbele ya mama. Kwa hiyo nakuandikia kila kitu kwa mpangilio na ninampa mtu wa vifurushi, uisome njiani.

Mama alianguka kazini juzi asubuhi, kwenye meza ya pasi. Msichana wa kufua ndiye aliyezima pasi na kumlaza chini, na ndiye aliyepiga kelele mpaka meneja akatoa gari. Mwambie mama asimseme tena yule msichana.

Hospitali walisema ni moyo. Bonge la damu limeziba mshipa. Daktari akaniuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikasema hatumii. Akauliza tena, nikamwambia kwa kiburi kabisa kwamba mama yangu hajawahi kunywa hata ya mafua. Ndipo Mama Mkubwa akapiga simu kuuliza hali, nikamweleza. Mama Mkubwa, dada, hakutukana hata mara moja. Alisema tu, "Nenda gesti, angalia kwenye kopo la vifungo."

Ilikuwa aspirini. Alipewa tangu mwaka jana. Aliacha mwezi uliopita kwa sababu ya kipimo chetu.

Wakamwingiza mrija mpaka kwenye moyo wakafungua mshipa, na wakamwekea dripu ya dawa ya kuzuia damu isigande tena. Daktari alisema asipigwe mswaki, asichomwe ovyo, atatoka damu kwa kitu kidogo. Nikamwambia hayo maisha mimi nayajua, nitamfundisha. Alama ya plasta tu ilimwacha bluu mkono mzima, kama mimi.

Ameamka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo tarehe ngapi?" Nikamwambia kumi na nane. Akasema, "Basi bado hatujachelewa." Nilitoka nje kwanza.

Hakuna anayetoa damu kesho. Wewe njoo.

Mdogo wako

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikaa na wewe wiki nzima na sikusema. Kila nikianza, ulikuwa unaniuliza kama nimekula, au unamwambia muuguzi shuka lile limekunjwa vibaya. Na mimi nilikuwa naogopa kukuudhi, moyo wako ukaenda mbio. Kwa hiyo nasema huku niliko, ambako huwezi kunikatiza.

Nimekukasirikia sana. Nimejikasirikia zaidi. Kila mtu mwingine anayetoa damu kwa kazi yetu namuuliza: unatumia dawa gani, tangu lini, nani alikupa. Nauliza kwa zamu, wala simwonei mtu haya. Wewe nilikuandikia "najua". Nikakuandikia tena "kwako ni rahisi". Ile damu yako niliyoisifia, iliyoshika vizuri mpaka nikaita watu, ilikuwa damu ya mtu aliyeacha dawa ya kumlinda. Nilikuwa nakusifia hatari yako.

Kuna jambo lingine lazima ulijue. Ile dripu waliyokuwekea inaziba kishikio kile kile ambacho Chiriku hana. Siku ile na siku iliyofuata, chembe zako zilikuwa kama zake. Kilichomweka yeye kwenye hatari tangu azaliwe ndicho kilichokuokoa wewe. Nimelifikiria hili sana na sina la kuongeza.

Niliporudi nilijichoma mwenyewe. Nimejipima. Nina nusu, mama, kama wewe. Damu yangu ilikuwa inatosha. Tangu mwanzo ilikuwa inatosha, na niko hatua tano kutoka kwenye mashine. Niliitaka yako kwa sababu wewe nilikuwa na uhakika una nusu, na mimi ningeweza kukuta nina vishikio vyote, nikapoteza siku mbili. Ni siku mbili tu nilizokuwa naokoa.

Kipimo cha kolajeni kimefanyika, kwa damu ya Chiriku niliyokuja nayo na damu yangu. Chembe zake zimeshika. Si nyingi kama zangu, lakini zimeshika, na ndani zimetengeneza ile protini. Kiwanda chake ni kizima. Amekosa kishikio kimoja tu. Tumemwandikia daktari: asimwongezee chembe za watu wengine ovyo, mwili wake utakuja kuzikataa, aanze na dawa ya kugandisha, na chembe zilizochaguliwa ziwe tayari pembeni. Profesa ametia saini. Daktari amejibu siku hiyo hiyo, upasuaji ni tarehe 22.

Sitaacha masomo. Mama Mkubwa aliniambia uliogopa hilo, nalo uliliogopa bure. Lakini nataka uniambie, mama. Sikuombi unieleze yale ya nyuma. Nataka kuanzia sasa, mwili wako ukisema kitu, mimi nisikie. Utaniambia?

Kwanini

26 Aprili

Kwanini mwanangu,

Marahaba. Naandika nikiwa nimekaa, nimeegemea mto, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Chiriku ametoka salama. Unajua tayari, mlipigiana simu ukumbi mzima ukawasikia, lakini nataka liwepo kwenye karatasi. Daktari alisema amepoteza damu kidogo kuliko wengine aliowapasua wiki hiyo ambao hawana ugonjwa wowote. Zile chembe za akiba hazikutumika, wamempa mtu mwingine. Nilimwomba Mungu azibariki huko zilikokwenda. Mawe wamempa kwenye chupa, anamwonyesha kila anayeingia, hata anayekuja kupiga deki. Mama Mkubwa wako yupo hapa, amefua mara moja, nimemwomba apike tu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Uliposema damu yako ingetosha, niliiweka chini. Sikukukasirikia. Niliona tu kwamba tulikuwa tunaficha upande mmoja kila mtu, mimi kwa kunyamaza na wewe kwa kutouliza, na katikati kulikuwa na Chiriku ambaye hakutuomba hata mmoja. Nilidhani Mungu kanifungulia mlango. Mama Mkubwa wako anasema ule ulikuwa mlango wangu mwenyewe. Tumekubaliana tusiubishanie kabla sijapona.

Umeuliza kama nitakuambia. Nimezoea vingine. Mama yangu alikufa hatujui hata alikuwa anaumwa wapi, na sisi tulimsifia kwa hilo makaburini. Mtu wa umri wangu kubadilika si kazi ndogo, lakini nimeomba nguvu, na nimeanza.

Juzi alasiri kifua kilibana, upande wa kushoto, nikiwa nimekaa tu, sikuwa nimebeba kitu. Niliogopa. Sikungoja ipite, na wala sikumtuma Chiriku aende nje kwanza. Nilimwambia hapo hapo, akamwita Mama Mkubwa wako, sisi wawili tukachukua teksi, daktari akanipima saa ile ile. Amesema mshipa uko wazi, ameniongezea kidonge kimoja cha kuweka chini ya ulimi, na nirudi Alhamisi. Alhamisi nitarudi. Usiku nilikuwa bado na hofu, na hata sasa ninayo kidogo.

Mama yako